Vidonge Vyeupe vya Kwenda Idjwi

Bukavu, tarehe 3 Agosti 2025

Mama mukubwa Eulalie,

Kuna jambo sijaambia mutu hata mumoja, na nikianza na salamu vile mulitufundisha nitaishia kwa salamu, najijua. Basi nalisema mbele. Kila mara Maman anapoenda kazini, ninafungua valisi yake ya vitenge na kuangalia dawa alizoficha chini. Sizigusi. Naziangalia tu, kisha nakunja vitenge vile vile alivyovikunja yeye. Nafikiri Maman ni mugonjwa, na ni ugonjwa ambao hataki tuujue.

Sasa salamu. Hapa Cimpunda tuko wazima. Mudogo wangu Aganze ameng'oka jino la mbele na anapiga filimbi kupitia lile tundu, mpaka jirani amekuja kutuomba tumutafutie mutoto kazi nyingine. Papa alipiga simu kutoka Kinshasa. Anasema atarudi ndege zilizosimamishwa na vita zikianza tena, maana yake hatujui. Ofisi ya Maman inafungua siku ikitaka. Mimi nitaingia mwaka wa nne wa humanités, kama masomo yatafungua.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba ni moja na Maman njo anaishika, na yako wewe ilianguka, iko chini ya ziwa. Gentil wa boti ya mananasi amekubali kubeba barua zetu. Nilimwomba nikiangalia viatu vyake, na yeye akajibu akiangalia vyangu, kwa hiyo tulielewana.

Nikueleze ninayoyaona. Asubuhi shuka la Maman linaanikwa nje likiwa limelowa kama alilala mvuani. Kwa meza, sisi tumevaa pull-over, yeye anafungua dirisha na kujipepea na kifuniko cha sufuria. Na ngazi zetu, unazijua: anashuka akishika ukuta, anaweka muguu, anangoja, anaweka mwingine. Unakumbuka ni nani alikuwa anatembea hivyo. Nilikuwa mudogo, lakini nakumbuka.

Dawa yenyewe iko kwa plaquette, kile kibao unachosukuma kidonge kwa kidole gumba. Nusu ni vidonge vyeupe, nusu ni vya rangi ya waridi.

Je, Maman atakufa? Tafadhali usimwandikie yeye. Niandikie mimi.

Mutoto wako,
Colombe

*

Idjwi, 24 Agosti 2025

Colombe mutoto wangu,

Nakusalimia sana, weye na ule mupiga filimbi. Huku tuko bazima. Mananasi imeiva yote mara moja kama desturi yake, batu banakula mpaka ulimi inawasha. Mukono wangu wenye nilivunja ku port mwaka jana unanitangazia mvua mbele radio haijasema. Mama mukwe anakusalimia, anauliza kama umeanza kuongea ao bado. Nilimwambia hapana, lakini anaandika kama avoka wa mahakama.

Ulinitisha. Nilisoma barua yako nikiwa nasimama, nikatafuta kiti. Kisha nikacheka, unisamehe. Mama yako hatakufa.

Umekuwa mukubwa, nitakuambia bila kuzunguka. Mwanamuke anafika siku moja damu ya mwezi inakatika. Ya mama yako Jeanine ilikatika mbele ya wakati wake. Ikikatika, joto inapanda, usingizi unakimbia, na mifupa inaanza kumalizika kwa ndani, kama nguzo yenye muchwa wameingia: kwa inje unaona nguzo, kwa ndani hakuna kitu. Wakati alienda formation ya kazi kule Kigali, bakapiga mifupa yake picha, bakamwambia ni mifupa ya mwanamuke wa miaka makumi saba. Miye nilijua anafikiria nani.

Weye banakuambiaka koko yako, mama yetu, alianguka, akavunjika. Si vile. Alikuwa anaamuka kwa kitanda. Mufupa ya nyonga ikavunjika yenyewe, njo akaanguka. Jeanine na miye tulikuwa pale, tulisikia ile sauti mbele ya kusikia yeye akilia. Hakutoka tena kwa kile kitanda.

Basi docteur akamupa mama yako dawa ya kurudisha ndani ya mwili kile kitu umri unachukua, hormones banaita. Jeanine akataka na miye niende kwa docteur. Nikamwambia, Jeanine, kitu Mungu amefunga miye siifungue. Tuligombana mpaka tukanyamaziana kutoka Pasaka mpaka mavuno. Mwisho akaacha. Sasa ananitumia calcium tu, kwa kasashi kadogo ka plastiki, ameandika juu na mukono wake. Ile nakunywa bila kesi. Na nikuambie, calcium ya mujini iko nguvu. Joto yenye ilikuwa inanichoma imekwisha. Nalala. Juzi mume wangu aliniangalia mara mbili nikipita na ndoo, akaniuliza kama nimebadilisha kitambaa ya kichwa.

Kitu ingine ya furaha: mama mukwe amenipa kasiksi. Kwa nyumba yetu huku, pombe ya ndizi haiguswe na mwanamuke mwenye bado anaona mwezi, banasema itageuka siki na itafukuza baraka ya nyumba. Nilingoja miaka na miaka kumaliza. Leo ni miye nakamua ndizi, ni miye nafunika mutumbwi wa kuivishia pombe, na kasiksi ya Eulalie banaiuliza kwa jina mpaka soko ya Minova.

Funga ile valisi, usiifungue tena.

Mama yako mukubwa,
Eulalie

*

Bukavu, tarehe 14 Septemba 2025

Mama mukubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mume wako tonton, na kwa koko wa huko, mama mukwe wako: umwambie juzi niliongea darasani, maneno matatu, na mwalimu aliandika ubaoni bila kujua ni nani ameyasema. Masomo yamefungua. Aganze analilia jino lake, anafikiri panya alilichukua kwa deni. Maman anakusalimia, lakini hajui kama nakuletea salamu zake.

Asante kwa kunieleza. Siku ile nililala vizuri. Kesho yake nikasoma barua yako tena.

Nataka kukuuliza juu ya calcium. Niliiona kwa pharmacie, duka la dawa la karibu na shule. Ni vidonge vikubwa kama kifungo cha koti, vya kutafuna. Nilimuuliza mwenye kuuza kama vinaondoa joto la wamama. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, akaniomba nirudie mara mbili, kisha akajibu kwa sauti ya watu wote: hapana, calcium haiondoi joto ya mutu. Wote waliokuwa pale waliniangalia kana kwamba joto ni langu.

Yako iko namna gani? Ni kubwa? Ina rangi gani?

Nina sababu ya kuuliza. Leo sitaiandika. Pengine nimeona vibaya, na kama nimeona vibaya, nitakuwa nimemusingizia mutu anayenipikia.

Colombe

*

Idjwi, 12 Oktoba 2025

Colombe,

Tuko bazima. Mvua imeanza. Mbuzi ya tonton yako imezaa mapacha, mumoja anakataa nyonyo.

Ile calcium ni midogo, myeupe, kama jicho ya samaki ya sambaza yenye imepikwa. Haitafunwe, unameza na maji. Sababu gani weye unakuwa commissaire wa polisi? Soma masomo yako.

Kasiksi, kwa sasa mama mukwe ameirudilia. Niko nachoka. Ni wakati ya kazi mingi.

Umupatie Gentil vitenge vya zamani, vile vya pamba vyenye vimelainika kabisa, vya kupasua. Usipitishe kwa mama yako. Ni vya kazi ya nyumba.

Eulalie

*

Bukavu, tarehe 2 Novemba 2025

Mama mukubwa wangu,

Nakusalimia. Sisi wazima, na Aganze amepata jino jipya, kubwa kuliko uso wake. Vitenge nimempa Gentil, pamoja na shuka moja. Hujaniambia ni kazi gani ya nyumba. Nitakuambia mimi, lakini ngoja kwanza.

Juma lililopita nilimusindikiza Maman kwa docteur Mushagalusa, kwa sababu ya ngazi. Tulikaa mbele ya meza yake. Nitakuandikia walivyosema, kwa sababu tangu siku ile yanarudi kichwani vile vile.

"Unakunywa kila siku, Maman Jeanine?"

"Kila siku, docteur."

"Nyeupe kwanza, ziishe, kisha za rangi, vile nilikuonyesha?"

"Vile vile."

"Na joto?"

Maman alikuwa na jasho mpaka kwa kola. "Imepungua."

"Mbona naona kama mutu ametoka kukimbia?"

"Ni ngazi zenu, docteur. Nyumba hii mulijengea malaika."

Docteur akacheka. Akanigeukia, akaniambia na mimi nijichunge, nikunywe maziwa, nitembee, nisiogope jua, kwa sababu mifupa ya familia ni kama pua ya familia, inarudi. Pale ndipo nilifungua mudomo. Sijui nilitoa wapi.

"Docteur, na kama mutu anakunywa nyeupe peke yake?"

Mukono wa Maman ulikuja juu ya goti langu, ukabaki pale.

"Swali zuri," docteur akasema. "Mwenye aliondolewa kizazi, nyeupe inamutosha. Mwenye bado iko na kizazi, hapana kabisa. Nyeupe inalisha mifupa, lakini haichagui. Inalisha pia ukuta wa ndani wa kizazi. Hii ya rangi njo inauambia ule ukuta: basi, imetosha. Ukiiondoa, ukuta unaendelea kunenepa mwezi kwa mwezi, mutu anaanza kutoka damu, anafikiri ujana umerudi. Na mule ndani, mwisho wake, kitu kibaya kinaweza kuota."

"Na akitoka damu?"

"Mwanamuke aliyemaliza akiona damu, hata tone, anakuja tumuangalie. Hangoji kuona kama itaisha." Akacheka tena. "Huyu atakuwa docteur, Maman Jeanine."

"Huyu?" Maman akasema. "Huyu hata kuku anaogopa kumufukuza."

Tulitoka, tukafika mpaka kwa mutelemuko wa kwetu. Kisha akasimama, akashika ukuta.

"Umeona nini kwa valisi yangu?"

Nilimwambia. Nilimwambia nilimwona kwa mulango siku moja, amekaa kitandani, anasukuma vidonge vyeupe vyote ndani ya sahani, na za waridi anaziacha. Sikusema kama nakuandikia.

"Ulimusikia mwenyewe," akasema. "Nyeupe njo ya mifupa. Nimempa dada yangu ile nzuri, nimebaki na ile ya kando. Kuna ubaya gani?"

"Lakini Maman, amesema kizazi."

"Docteur lazima aseme ubaya, njo kazi yake. Eulalie iko na nguvu. Na ukimwambia, atavitupa ziwani siku ile ile, unamujua. Halafu asubuhi moja ataamka kwa kitanda chake kama mama yetu." Akanishika kidevu, na vidole vyake vilikuwa baridi, yeye ambaye anawaka siku nzima. "Mimi sitasikia ile sauti mara ya pili, Colombe. Kwa huyu, hapana."

Nilimuahidi kunyamaza. Kunyamaza ndicho kitu ninachojua.

Na bado ninakuandikia. Mama mukubwa, ile si calcium. Ni dawa ile ile uliyokataa. Ni nusu yake, tena nusu ambayo mutu hapaswi kunywa peke yake.

Uliniambia mwenyewe pombe haiguswe na nani. Sasa umeirudisha kwa mama mukwe, na unaniomba vitambaa laini vya kupasua, na Maman asijue. Mimi ni mutoto lakini ninaona mwezi kama wasichana wote. Unatoka damu. Tangu lini? Ni nyingi?

Acha kuvinywa. Vuka ziwa, kuja. Mimi mwenyewe nitakupeleka kwa docteur, na nitaongea kwa sauti.

Colombe

*

Bukavu, tarehe 23 Novemba 2025

Mama mukubwa,

Nakusalimia tena kabla hujajibu salamu ya kwanza. Boti zilisimamishwa. Nilifikiri umekasirika. Leo nimemukuta Gentil ku port, akafungua koti lake akanionyesha barua yangu, iko pale pale nilipoiona mara ya mwisho, pembe moja imelowa. "Wamesema kesho tunaondoka," akaniambia. "Wanasemaka kesho kila siku, lakini leo wamesema kama watu wazima."

Kuna jambo baya zaidi. Asubuhi hii Maman amenipa kasashi kapya, pamoja na sabuni na chumvi, nikulete kwa Gentil. Kwa daraja la mufereji nilisimama. Nilikatoa mfukoni. Maji yalikuwa mengi, yangekachukua bila mutu kujua. Halafu nikafikiri: na kama Maman ana haki? Na kama nikikatupa, na wewe unavunjika, ni mimi nitakuwa nimekuvunja.

Sikukatupa. Gentil ameweka kasashi mufuko wa kuume na barua zangu mufuko wa kushoto. Vitakufikia pamoja.

Soma kwanza. Nakuomba, kabla ya kufungua kile kingine, soma.

Colombe

*

Idjwi, 10 Desemba 2025

Colombe mutoto wangu,

Nakusalimia weye, Aganze, na mama yako mwenye hajui kama tunaongea. Unisamehe mwandiko, naandika nikiwa nalala, karatasi inapanda mulima.

Nilisoma. Mwanzo nilicheka, nikasema Jeanine, mwizi weye, umenifunga macho kwa kitambaa ya calcium. Nilikasirika siku mbili. Halafu nikakumbuka vile alikuwa ananibebaka chakula kwa masomo yetu ya zamani, anasema ameshiba, kumbe hajala. Ni yule yule. Hajabadilika, ni chakula tu imebadilika.

Ndiyo. Tangu mwezi wa tisa. Mara ya kwanza nilifurahi, nikuambie kweli. Nilikaa nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kama musichana. Nikasema Mungu amenikumbuka. Halafu haikukatika. Inaacha siku moja, inarudi. Niligusa kasiksi nikiwa namna ile, nikiogopa kumwambia mama mukwe, na ile mutumbwi yote ikageuka siki. Unaweza kusema ni bahati mubaya. Mama mukwe alikuja. Alinusa, akaniangalia miguu, akaenda kuosha mikono. Tangu pale anapika mwenyewe, na batu ya kilima banaanza kununua kwa bengine. Nikimwambia ni dawa, atauliza dawa ya nini, nani alileta, na jina la mama yako litatembea hii kisiwa yote.

Unaniambia nije kwa docteur. Nitakuja kufanya nini? Kufunguliwa mbele ya kijana, aniambie kitu chenye sitaki kusikia? Ni damu kidogo. Inapungua.

Na kile kasashi kipya nilikifungua. Najua utalia. Nilisoma kwanza vile uliniomba, nikaelewa, nikafungua. Mukono wangu uko imara. Nalala bila moto. Usiku koko yako ananijia, amekaa kwa kile kitanda, ananiambia nisisimame. Weye hukusikia ile sauti, Colombe. Jeanine anaisikia. Miye naisikia. Kati ya damu na ile sauti, nimechagua damu.

Sasa nisikie vizuri. Usimwambie mama yako. Akijua natoka damu kwa sababu ya mukono wake, ile njo itamumaliza, haitangoja mifupa. Weye unajua kunyamaza, ni zawadi yako. Uitumie mara hii kwa ajili yangu.

Unitumie vitambaa vingine. Vingi kidogo.

Eulalie

*

Bukavu, tarehe 21 Desemba 2025

Mama mukubwa wangu,

Nakusalimia, na leo salamu si ya desturi, nataka kweli kujua kama uko muzima. Aganze ni muzima. Papa ametuma sauti kwa simu, anatutakia Noeli njema kana kwamba imeshapita. Maman si muzima. Juzi alikohoa, kukohoa tu, akashika ubavu na kukaa chini kwa sakafu ya jikoni. Tangu pale hainui hata ndoo tupu. Anasema alilala vibaya. Mumegawana dawa moja, na sasa ninyi wawili munaisha, yeye kwa mifupa, wewe kwa damu, na kila mumoja ananiomba nisimwambie mwingine.

Barua yako Gentil hakunipa mukononi kama siku zote. Alikaa juu ya mufuko wa mananasi, akanionyesha nikae.

"Mama yako mukubwa hakushuka ku port," akasema. "Nilipanda mwenyewe kuichukua."

"Anasema anachoka."

"Mimi sijui mambo ya wamama, sitaki kujua. Lakini midomo yake ni kama mutu ametoka kula unga. Alisimama kunisalimia, akashika mulango, akakaa tena. Kile kikongwe, mama mukwe wake, alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia: wambie kwao wakuje kumuchukua, kitanda chake tunakigeuza kila asubuhi."

Kwa hiyo anajua. Mama mukwe wako anajua, na hakukufukuza, anageuza kitanda chako. Wewe ulimuogopa bure, ao pengine si bure, lakini leo anaomba tukuje. Na wewe uliniandikia: kidogo, inapungua.

Nimeshinda juma nzima na barua yako ndani ya soksi. Nilijaribu kukutii. Nilikaa mezani mbele ya Maman, nikakula, nikaosha sahani, nikasema ndiyo na hapana. Uliandika kunyamaza ni zawadi yangu. Nimefikiria sana neno hilo. Mimi nanyamaza kwa sababu naogopa, Mama mukubwa. Tangu utoto. Watu wameona muoga wakamwita mutoto mwenye adabu. Wewe unanyamaza kwa sababu unaogopa docteur, Maman kwa sababu anaogopa ile sauti ya mufupa, na mimi kwa sababu nawaogopa ninyi.

Sitamwambia docteur kwanza. Sitamwambia Papa. Nitamwambia Maman, leo, na kama hataniamini nitampa barua yako asome mwandiko ukipanda mulima. Utanikasirikia. Atanikasirikia pia. Nimeshahesabu hasira zote mbili na bado naziona ndogo. Gentil anaondoka kesho asubuhi, ameniambia atatuwekea nafasi katikati ya boti, pale ambapo hairuki sana, kwa ajili ya ubavu wa Maman. Nilimuuliza kama tunaweza kukurudisha siku ile ile ukiwa umelala. Akasema wamesharudisha watu namna hiyo. Sikumuuliza kama walifika.

Sijui docteur atakuta nini. Pengine tumechelewa. Pengine ni ukuta tu umenenepa na atausafisha, ukae kwetu, mugombane na Maman mpaka Pasaka. Naandika hivyo nione inafanana namna gani kwa karatasi.

Tumetoka misa. Aganze iko nje na wenzake. Maman yuko chumbani, mulango umeegemezwa. Jana mutu alimletea boîte mpya ya dawa kutoka upande wa pili wa mupaka, na sasa hivi amekaa kitandani na sahani juu ya magoti. Nasikia kidole chake kikisukuma. Kidonge kinaanguka, sahani inalia. Kingine. Anaimba pole pole ule wimbo wa komunyo wa leo asubuhi. Ni zako hizo. Anakuhesabia mifupa.

Sahani imenyamaza.

Ameniita. Ameuliza Gentil anaondoka lini. Sikujibu, kwa hiyo anakuja mwenyewe. Nasikia kandambili, kisha kiganja chake kwa ukuta, kisha kandambili. Anatembea pole sana. Ningekuwa na wakati wa kukunja hii karatasi na kuitia soksini pamoja na ile yako. Amefika mulangoni. Mukono wangu umeshafunika maandishi, wenyewe, bila mimi kuuambia.

Nauondoa.